Uso Mwekundu kwa Bei Nafuu

Wengi wanadhani uso kuwaka na kuwa mwekundu ni majaliwa ya Wazungu. Si kweli. Hata wewe unaweza kuupata hapahapa mjini.

Anza na mkorogo, krimu ya kujichubua. Usiulize una nini. Muuzaji akisema ni mitishamba mitupu, amini. Maskini, ana wateja wengine wanamsubiri. Mara nyingi ndani yake huwa na klobetasoli au betamethasoni, dawa za steroidi ambazo daktari huziandika kwa pumu ya ngozi na magonjwa kama hayo, kwa muda mfupi, na huogopa kuzigusisha usoni. Tanzania imezipiga marufuku kwenye vipodozi, ndiyo maana kopo lako halina lebo. Wewe paka uso mzima, asubuhi na usiku, miezi na miezi.

Mwanzoni utafurahi. Steroidi huibana mishipa midogo ya damu, chunusi zinanywea, rangi inatakata na mashosti wanaulizia siri. Viungo vya vidole vitagoma kutakata, lakini nani anaangalia vidole? Endelea mpaka ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara, mishipa ichoreke mashavuni na vipele viuzunguke mdomo. Hapo sasa acha siku kadhaa. Mishipa iliyokuwa imebanwa itafunguka kwa mkupuo. Uso utawaka, utawasha, utavimba. Paka tena. Umetulia! Kata shauri kwamba krimu ndiyo dawa na kuiacha ndiyo maradhi. Kwa hesabu hiyo muuzaji hafilisiki.

Chochea na jua la saa saba bila kofia, joto la jiko la mkaa, chai inayofuka moshi, pilipili na bia. Hivyohivyo ndivyo vinavyoamsha rozasia halisi, ugonjwa wa uso kuwaka usiohitaji krimu yoyote ili uanze. Nayo huwapata watu weusi, ingawa vitabu vya udaktari vimezoea kuionyesha kwenye mashavu meupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Mgonjwa anahisi uso unachoma na kuona vipele, kisha anatibiwa chunusi zisizokuwapo.

Mkaidi anayetaka kuuvuruga mwongozo huu atamwachia daktari aamue kama krimu iachwe mara moja au ipunguzwe kidogokidogo. Atavumilia wiki za kuwaka, atanawa kwa maji ya vuguvugu bila dodoki, atapaka kinga ya jua. Na ikiwa ni rozasia, kuna jeli ya metronidazoli, asidi ya azelaiki, krimu ya ivamektini na vidonge vya doksisaiklini. Haviing'oi, ila vinaituliza.

Madaktari wa ngozi tunao. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kituo cha kuwafundisha kipo tangu 1992. Ukienda kumwona mmoja wao, beba na kopo lenyewe. Bila kuliona, atakuwa anapiga ramli.