Sifa za Jirani Mwenye Pedi

Wazee wa Tulia, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda mnaosinzia juu ya pikipiki: nasimama kumsifu mtu ambaye ninyi nyote mmeshamchoka. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, baba wa watoto watatu, umri umepita arobaini. Kila jioni, akishaoga masizi ya kazi, huwasha PlayStation akacheza mpira wa kwenye skrini hadi usiku wa manane. Mnamwita mtoto. Mama mmoja anayeuza ndengu alinong'ona, kwa sauti ya matangani, kwamba yule bwana amepotea. Mimi nasema tumepata tunu.

Sifa zake ndogondogo nazitaja mbiombio. Mkewe hamtafuti baa. Hajawahi kunikopa hela. Majina ya wachezaji wa Croatia anayatamka vizuri kuliko watangazaji wa redio. Basi.

Sifa yake kuu, ambayo kwayo angestahili sanamu pale stendi, ni kwamba anajua kushindwa. Mpwa wake wa shule ya msingi humchapa mabao matano kwa nunge, nami huku ng'ambo ya ukuta namsikia akisema, "Haya, umenifunga. Tuanze nyingine." Hadai pedi ilikwama, hamwiti mwanasheria, wala hatangazi kwamba mabao yameibwa na seva. Sasa pimeni uzito wa jambo hili. Tangu tupate Katiba ya 2010, uchaguzi wa rais wa 2013, wa 2017 na wa 2022, wote umeishia Mahakama ya Juu. Napendekeza jirani yangu ahamishiwe Nairobi kwa gharama ya umma, apewe sebule ndogo karibu na mahakama hiyo, na kila mgombea kabla ya kurudisha karatasi zake aketi mkekani amtazame akifungwa. Magavana nao waje, na makatibu wa vyama. Vyuo vikuu vifungue idara. Wanafunzi wa Gredi ya 4 wafanye mtihani wa vitendo: mtoto afungwe, aseme amefungwa, apewe alama.

Msidhani nasifu kwa kusikia tu. Pedi yake nimeishika. Kitufe cha duara, kile cha kupigia shuti, kimelika hadi alama yake haionekani, na kijiti cha kushoto amekifunga kipande cha tyubu ya baiskeli baada ya raba yake kubanduka. Watu wenye heshima zao niwajuao hawajawahi kutengeneza chochote kwa mkono.

Sasa, kuhusu stima. Ploti yetu ina mita moja, na tokeni tunachanga. Yaani mimi nachanga, na mashine yake inakula. Mita ikianza kulia usiku ni mimi ninayesimama barazani kwa mwanga wa simu nikibonyeza tarakimu 20, nikikosea moja narudia zote, na huko ndani mtu anapiga ukelele: goli! Goli la nani, jamani, saa saba kasoro usiku? La mchezaji asiyekuwepo, katika uwanja usiokuwepo, na mtoto wangu keshaamka!

Samahani. Narudi kwenye sifa.

Mimi namlalamikia kwa sababu ya tokeni na usingizi, na hilo tutalimaliza wenyewe. Ninyi mnalalamika nini? Wapo wazee wanaopanga vifuniko vya soda kwenye ubao wa drafti chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi, na hiyo tunaiita busara. Huko Nairobi, Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya Marekani, UYU, kucheza Tekken, naye wakati huo akisomea sheria. Yeye tulimpigia makofi. Kumbe kosa la jirani ni kucheza bila kulipwa. Na mnaposema gemu ni ya watoto, kumbukeni PlayStation ya kwanza iliuzwa Japani Desemba 1994. Watoto waliozaliwa miaka kumi kabla yake sasa wanalipa karo ya sekondari.

Mwaka jana fundi aliomba mkopo kwenye chama chetu anunue mashine mpya ya kuchomelea. Mwenyekiti akasema mbele ya mkutano kwamba mtu mzima anayecheza gemu hawezi kuaminiwa na pesa za watu. Alisema hivyo baada ya kulaza simu yake kifudifudi juu ya daftari la chama. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Kwenye ile simu, kabla hajailaza, kindege chekundu cha kamari kilikuwa kinapaa. Huyo hatumwiti mtoto. Tunamwita mwekezaji.

Shirika la Afya Duniani limeyaweka yote mawili kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, inayotumika tangu Januari 2022. Uraibu wa kamari ni 6C50, uraibu wa gemu ni 6C51, yamepangwa ukuta kwa ukuta kama mimi na fundi. Na ili mtu ahesabiwe mgonjwa wa gemu, lazima awe ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya shughuli zake zote, anaendelea ingawa inamuumiza, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Fundi hufungua karakana saa moja asubuhi, na madirisha ya nusu ya maduka ya hapa ameyachomelea yeye. Mkopo alinyimwa kwa kura ya kuinua mikono. Wangu uliinuka pia, kwa sababu ya tokeni.

Pesa za chama zilikuwa zigawanywe Desemba. Desemba ikapita, tukaambiwa benki ina shida ya mtandao, kisha tukaambiwa mweka hazina yuko msibani, siku hizi hatuambiwi kitu. Mwenyekiti, simu yako haishikiki lakini najua unasoma. Itisha mkutano, utusomee hesabu. Kama zimeliwa na kindege, sema zimeliwa. Neno lenyewe fupi, na fundi yuko hapa karibu, atakufundisha linavyotamkwa.