Kasoro za Kukusudia

Ruta inayoongozwa na kompyuta, yaani mashine ambayo kisu chake kinachozunguka kwa kasi hufuata njia iliyochorwa kwanza katika programu, huweza kuchonga mamia ya maua yanayofanana pasipo kuchoka, na hapo ndipo balaa linapoanzia, kwa kuwa mnunuzi wa mlango wenye nakshi za Zanzibar hulipia mkono wa binadamu na kufanana huko humtia shaka. Kwa hiyo wataalamu wameifundisha mashine kukosea: hupanua nafasi baina ya mapito ya kisu ili ubao ubaki na vijibonde kama vya patasi, huuyumbisha mstari kidogo, na ua la kushoto hupotoshwa kwa makusudi lisilingane na la kulia. Tatizo ni pembe za ndani, ambazo kisu cha duara huziacha zikiwa butu, hata pengine (aibu iliyoje!) huitwa fundi mwenye patasi azimalizie.

Seremala wa Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, ana haki ya kustaajabu, maana yeye huusugua mninga kwa msasa hadi jioni ili mteja asione alama ya patasi akadai punguzo. Tena mkoa wake wa Rukwa kwa miaka mingi ulitegemea umeme ulionunuliwa Zambia, na umeme unapokatika mashine husimama katikati ya kosa lake, ilhali seremala huendelea na yake. Anayetamani kasoro halisi na aende kwake, alipe bei kamili.