Paa la Marooni na Kipara Changu

Nani aliwaambia wenye nyumba wa Kitengela kwamba mabati ya marooni ndiyo heshima? Ikifika saa nane mchana, nyumba haina silingi na mimi sina nywele. Nikiwasha feni inanipoza mashavu tu; kipara kinaendelea kukaangika, kwa sababu kinachonichoma si hewa. Ni miale ya infraredi, joto linalosafiri kama mwanga ila jicho halilioni wala upepo haulipeperushi.

Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanaastronomia William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana kitu. Kikapanda. Angepanga ploti yetu, asingehitaji hata kipimajoto.

Kinachoniuma ni rangi. Bati tupu linalong'aa hupata moto, sawa, lakini hutoa miale michache. Lipake rangi, hata nyeupe, litaimwaga kwa fujo. Langu limepakwa juu marooni, chini kijivu, na hicho kijivu kinanitazama mimi. Ngozi nayo huimeza miale hiyo karibu yote, iwe yangu au ya Mzungu. Hapo angalau hakuna ubaguzi.

Usiku sasa! Mbingu ikiwa haina wingu juu ya nyanda za Kaputiei, paa lilelile hurusha joto lake angani hadi likawa baridi kuliko hewa. Pumzi zetu na mvuke wa chai hugeuka matone chini ya bati, na alfajiri yanadondokea blanketi. Hata Kajiado nzima ikilia ukame, kwangu kitandani kunanyesha.

Shemeji yangu Mmaasai hucheka. Kwao akina mama hujenga enkaji kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na joto la mchana huchelewa kupenya. Kodi hawalipi.

Nimeita fundi aweke foili chini ya mabati, maana alumini inayong'aa hurudisha takriban asilimia 95 ya miale hii, na yenyewe haitoi ya maana. Nikataka upande wa kung'aa uangalie chini, vumbi la Barabara ya Namanga lisije likauzima.

"Mzee, jua liko juu. Silva iangalie kitanda ya nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na Herschel. Alisikiliza kwa adabu, kisha akatoa simu akapiga hesabu.

"Basi tuweke mbili, mzee. Moja iangalie jua, moja ikuangalie wewe. Leba ni kando."