Waraka kwa Mzee Nick Saban kuhusu vijana wanaosugua benchi

Mzee Saban,

Natumai kwamba tangu ulipoacha kuifundisha timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Alabama, Januari 2024, umeanza kuonja usingizi ambao kazi ya ukocha ilikunyima. Siku za Jumamosi tunakuona kwenye meza ya ESPN, suti imekukaa, ukiwachambua makocha wenzako. Hongera. Unaonekana kuipenda kazi ya kuuliza kuliko ulivyopenda kuulizwa.

Heshima kwanza. Mataji saba ya taifa, moja ukiwa LSU na sita ukiwa Alabama. Sanamu yako imesimama nje ya uwanja wa Bryant-Denny tangu 2011, na sasa hata nyasi za ndani zimepewa jina lako. Mtu wa kiwango hicho hadhuriki kwa maneno ya mtazamaji, na ndiyo maana nimepata ujasiri wa kushika kalamu.

Nimekuwa nikiyatafakari maneno uliyoyasema Washington, Machi 2024, mbele ya Seneta Ted Cruz. Ulisema mambo yote uliyoyaamini kwa miaka hamsini ya ukocha hayapo tena katika michezo ya vyuo. Ukasimulia jinsi mkeo, Mama Terry, ambaye kwa miaka amekuwa akiwakaribisha nyumbani kwenu kwa kifungua kinywa vijana mliotaka kuwasajili pamoja na wazazi wao, alivyokuuliza mnajisumbua kwa lipi ikiwa wanachojali ni watalipwa kiasi gani. Hukupinga vijana kulipwa, nalijua hilo. Ulitaka uwepo utaratibu, na wengi tuko nawe. Kilichonikwama kooni ni ile huzuni ya mwenye nyumba aliyeibiwa, kana kwamba uaminifu ulikuwa mali ya makocha na vijana wametoroka nao usiku.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Jalen Hurts.

Waraka huu utasomwa na wengine pia, kwa hiyo uniwie radhi nikieleza kidogo mambo unayoyajua kuliko mimi. Katika futiboli ya Kimarekani nafasi nyingi ni za kupokezana. Wakimbiaji hupumzishana, wadakaji wa pembeni huingia na kutoka, walinzi nao vilevile. Kwotabeki habadilishwi hovyo. Yeye ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio, anasoma wapinzani wamejipangaje, kisha ndani ya sekunde chache anaamua aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Anayegombea naye namba akiikosa, ameikosa kweli. Atavaa kapelo, atasimama pembeni akipiga ishara za mikono, na anaweza kumaliza msimu jezi yake haijagusa nyasi. Na chuo hakimsubiri: misimu aliyopewa kucheza ni minne tu.

Hurts aliichukua namba hiyo mwaka 2016, katika msimu wake wa kwanza chuoni kwako Alabama. Alipoingia uwanjani Atlanta usiku wa Januari 8, 2018, kwenye fainali ya taifa dhidi ya Georgia, alikuwa ameanza mechi 27 na kushinda 25. Kipindi cha kwanza kilimkataa. Kati ya pasi nane alizorusha zilifika tatu, kwa yadi 21, na Georgia wakaenda mapumziko wakiongoza 13 kwa 0. Mliporudi, aliyesimama mahali pake alikuwa Tua Tagovailoa, kijana wa Hawaii anayerusha kwa mkono wa kushoto, naye akiwa mwaka wa kwanza.

Yaliyofuata dunia nzima ya mchezo wenu inayajua. Alabama walisawazisha, 20 kwa 20. Katika muda wa nyongeza Georgia walitangulia kwa pointi tatu, kisha Tagovailoa akaangushwa na mpira ukarudi nyuma yadi 16. Shambulio lililofuata aliachia pasi ya yadi 41 ikamkuta DeVonta Smith kwenye mstari wa bao, na kombe likawa lenu, 26 kwa 23. Uamuzi ule sina la kuulaumu hata chembe. Makocha wengi wangesubiri robo ya tatu, wakasubiri na ya nne, kisha wakaenda kwa waandishi kusema kijana alistahili kuaminiwa. Wewe ulikata shauri wakati wa mapumziko. Na Hurts, aliyepigwa benchi mbele ya nchi nzima, kamera zilimkuta akimshangilia aliyechukua nafasi yake.

Ninalotaka kukuuliza linaanzia siku zilizofuata.

Mazoezi ya machipuko yalipoanza, Tagovailoa aliumia mkono, basi ikasemwa kwamba ushindani haujaamuliwa. Julai, kwenye mkutano wa waandishi wa ligi yenu, ukaulizwa kama Hurts atakuwepo msimu ukianza. Ulijibu kwamba hujui, ingawa unatarajia awepo. Agosti, Hurts mwenyewe akazungumza. Hakutukana wala hakudai namba. Alisema tu kwamba majira yote ya machipuko hakuna mtu aliyemfuata, makocha wakiwemo, kumuuliza anajisikiaje au ana mawazo gani kuhusu mambo yanayosemwa juu yake.

Mzee, wewe ndiye mtu ambaye kila asubuhi hula biskuti mbili zilezile, Oatmeal Creme Pies za Little Debbie, na mchana saladi ileile, ili usipoteze muda kuamua utakula nini. Tumeisoma habari hiyo na kuistaajabia. Mtu anayezihesabu dakika zake hivyo alikosa hata dakika kumi, kuanzia Januari mpaka Agosti, za kumwita ofisini kijana aliyemshindia mechi 25 na kumwambia, hapa ndipo ulipo? Kama ulimwita, basi yeye hakuliona hilo, na kwa kocha anayesifika kwa kusema waziwazi hilo nalo ni jambo la kufikirika.

Septemba 1, mjini Orlando, Tagovailoa alianza na Louisville wakafungwa 51 kwa 14. Maria Taylor wa ESPN akakuuliza swali ambalo yeyote mwenye kipaza sauti angeliuliza usiku ule, lile la makwotabeki wako wawili, nawe ukamkaripia mbele ya kamera. Kesho yake ulimpigia simu kumwomba radhi. Ulikuwa uungwana. Natumaini Hurts naye alipata simu yake.

Mwaka huohuo ilikuwa imeingia kanuni mpya: mchezaji anaweza kucheza mechi zisizozidi nne na msimu huo usihesabiwe katika minne yake. Kule Clemson, Kelly Bryant, aliyeifikisha timu nusu fainali ya taifa msimu uliotangulia, aliambiwa baada ya mechi nne kwamba Trevor Lawrence ndiye ataanza. Akafungasha. Mlango uleule ulikuwa wazi kwa Hurts. Baba yake, naye kocha wa futiboli kule Texas, alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba mwanawe akikosa namba atakuwa mchezaji huru mkubwa kuliko wote katika historia ya futiboli ya vyuo. Mechi ya tano ikafika, dhidi ya Louisiana, Hurts akaingia uwanjani kama mchezaji wa akiba, na mwaka wake ukahesabiwa. Alijua anachokitoa.

Kisha Desemba 1. Atlanta tena, uwanja uleule, Georgia walewale, fainali ya ligi. Georgia mbele 28 kwa 21, robo ya nne, Tagovailoa anatolewa akichechemea. Hurts anaingia. Anasawazisha kwa pasi kwa Jerry Jeudy, na ikiwa imebaki dakika moja na sekunde chache anakimbia yadi 15 hadi kwenye bao. 35 kwa 28. Usiku ule ulimsifu kwa hisia ambazo hatukuzizoea kwako, na nina hakika zilitoka moyoni.

Lakini hebu tuseme ukweli, Mzee: uvumilivu ule hukuununua wewe. Haukuwa ndani ya ufadhili wa masomo, hakuna kifungu kilichomlazimisha, na kwa maelezo yake mwenyewe hata neno la faraja lilichelewa. Alikupa bure. Aliyepewa kitu bure mara moja hana haki ya kulalama kwamba wanaokuja baadaye wanadai bei.

Isitoshe, somo la kuhama vijana hawakulitoa mbali. Mwaka 2016 Blake Barnett ndiye aliyeanza mechi ya kwanza ya msimu, kisha Hurts akaipata namba, yeye akaikosa, na kabla mwezi wa Septemba haujaisha akaondoka. Ukawakumbusha watu usia wa baba yako, kwamba majani mabichi kuliko yote huota juu ya shimo la maji taka. Usia mzuri. Nilipoukumbuka nikafungua historia yako. Mwishoni mwa 1999 uliondoka Michigan State kwenda LSU, na vijana wako wakacheza mechi ya mwisho ya msimu, tena wakashinda, wakiwa na kocha mwingine. Baada ya msimu wa 2004 uliondoka LSU kwenda Miami Dolphins. Desemba 2006 uliwaambia waandishi kwamba hutakuwa kocha wa Alabama. Wiki mbili hazikupita vizuri, Januari 2007 ukatambulishwa Alabama, mjini Tuscaloosa, kwa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 32. Hukulazimika kukaa msimu mzima bila kufundisha kama adhabu ya kuhama. Wachezaji walilazimika, mpaka 2021 kanuni ilipolegezwa. Kwenye nyasi za majirani, Mzee, ulichuma mataji.

Tukirudi kwenye 1999, nina kumbukumbu moja ambayo huenda ikakufurahisha. Oktoba ya mwaka huo ulikuwa upande wa Michigan State pale East Lansing, na ng'ambo Lloyd Carr wa Michigan akiwa na makwotabeki wawili: mmoja anacheza robo ya kwanza, mwingine ya pili, kisha kocha anaamua nani amalize. Aliyepewa kuendelea alikuwa Drew Henson, nyota aliyekuwa akitamaniwa pia na timu za besiboli. Mwenzake akarudishwa timu ikiwa imeshaachwa nyuma, na nusura aigeuze. Mlishinda 34 kwa 31. Huyo mwenzake alikuwa Tom Brady. Wewe ulisimama hatua chache kutoka pale, ukafaidika na kigugumizi cha kocha mwingine, na bado miaka 19 baadaye ukawaacha vijana wawili wakisubiri neno lako kiangazi kizima.

Nisiwe mchoyo. Wapo waliokaa na ikawalipa. Mac Jones alimsubiri Tagovailoa, na msimu wa 2020 akakuletea kombe bila kupoteza mechi. Ty Simpson alikaa nyuma ya Bryce Young, kisha nyuma ya Jalen Milroe, hadi 2025 akaipata namba, wewe ukiwa umekwisha kustaafu. Sijasema kukaa ni ujinga wala kuhama ni ushujaa. Nasema kijana anayekaa anapaswa kujua anakaa kwa lipi. Jedwali la kikosi linalobandikwa ukutani na majina mawili kwenye mstari mmoja halimwambii chochote, ila linampa kocha nafasi ya kuwazuia wote wawili mpaka tarehe za kuhama zipite. Makocha wanaliita kuongeza ushindani. Wachezaji nao wamejifunza kulisoma.

Na walipojifunza, tazama. Januari 2024 ulipostaafu, wachezaji wako wakapata siku 30 za kuamua waende wapi, na Julian Sayin, kwotabeki aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga, akaenda Ohio State. Watu walimwita msaliti. Alimfuata kocha, kocha hakuwepo; msaliti hapo ni nani?

Ombi langu ni dogo. Msimu ujao, kocha fulani atakaa mbele yenu na kusema vijana wake wawili wote ni wazuri, kwamba muda utaamua. Tafadhali usimuulize nani ataanza. Muulize ni lini mara ya mwisho alipoketi na yule anayeelekea kukosa, na alimwambia nini. Akikukaripia, utajua la kufanya kesho yake.

Nisalimie Mama Terry. Mwambie wale vijana wa kifungua kinywa, kabla ya kuuliza watalipwa kiasi gani, walikuwa wamekwisha kusoma mkataba wa mwenyeji wao.

Wako mtiifu,
Mtazamaji wa Jumamosi

Tanbihi: Wapenzi wa Ohio State wasicheke sana. Mwaka 2018 kwao nako kulikuwa na mashindano ya namba. Dwayne Haskins akashinda, na aliyeshindwa, Joe Burrow, akachukua shahada yake akahamia LSU. Novemba 2019 alikuja Tuscaloosa, Mzee, ukamwona: 46 kwa 41. Mwezi uliofuata alinyakua tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, na aliyeshika nafasi ya pili, akiwa na jezi ya Oklahoma, alikuwa Jalen Hurts.