Tunapenda Picha, Chuma Tunakipima kwa Kilo

Jamani wenzangu, kuna mtu hapa Idodi hajayaona haya? Ikipaki tu Land Rover 109 kwa fundi, kando ya barabara ya Msembe, vijana hawashikiki. Huyu anaegemea mlango, yule kakunja nne kwenye bampa, mwingine kashika usukani na hajui hata kuendesha. Kabla ya adhuhuri picha zimeshazagaa kwenye makundi yote ya WhatsApp: "Hicho ndicho chuma, siku hizi hawatengenezi!" Makopakopa yanamiminika. Mh!

Sasa muulize kijana huyo huyo iko wapi Phoenix ya babu yake. Ataangalia pembeni. Baiskeli iliyobeba magunia ya mpunga kutoka majarubani hadi mashineni, ikamsomesha baba mtu, imeuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu! Ikaning'inizwa kwenye mizani, keria, dainamo na kengele yake, pesa ikanunua bando. Na kwa bando hilo hilo anashangilia Phoenix za watu wa Mafinga. Mfyuu!

Na ujuaji wao, loo! Kila baiskeli nyeusi kwao ni Raleigh ya Mwingereza, hata ile yenye jina la Swala kwenye fremu, iliyoundwa hapa hapa Dar es Salaam na NABICO, iliyokuwa kampuni yetu ya umma. Kila gari refu la zamani ni Peugeot 504. Ukiwaambia kwamba 404 ndiyo aliyoendesha Bert Shankland, mkazi wa Dar, akashinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, wanakukodolea macho.

Land Rover zilipoanza kutoka kiwandani mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, bodi zikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana mlango wa gari la miaka hiyo unaweza kukaa mvuani na kutu usiione kwenye aluminiamu yake. Sisi je? Tunaung'oa, tunawapelekea wayeyushaji, unarudi nyumbani sufuria ya kupikia ugali! Halafu Oktoba 2024, Land Rover zilipojipanga Arusha msafara mrefu kuwania rekodi ya dunia, watu wale wale walisambaza video mpaka simu zikachemka. Na uani kwao kuku wanatagia ndani ya kabini ya Land Rover yao.

Lakini lililonichosha kabisa ni hili. Mzee mmoja kaegesha Raleigh yake chini ya mwembe, rimu zinang'aa, cheni ina grisi, spoku zote zimekaza. Wakaja wapiga picha, hata shikamoo haikuwatoka. "Babu, sogea kidogo, unaharibu picha." Mama yangu wee! Anayejua ilinunuliwa lini, kwa mavuno yapi, na spea zake zinachongwa kwa nani, ndiye anayesogezwa!

Nawaombeni, enyi wenye simu: mwamkieni kwanza mwenye chombo, mkae naye, mwandike chini ya picha jina lake na habari alizowapa, akiridhia. Na kama ya babu yako bado iko uvunguni, itoe leo uipake mafuta, maana wenye mizani wanapita kila wiki.