Mchele Mmoja, Anwani Nane

Umeshafungua tovuti ya kuuza mchele wa Ifakara, na wewe uko hapo Lipangalala. Hongera! Sasa hesabu ukurasa wako wa mchele wa supa una anwani ngapi. Kuna ya http na ya https. Kila moja ina ndugu yake mwenye www. Na kila ndugu anaweza kumalizika kwa sleshi au bila sleshi. Nane tayari, kama mtoto mmoja aliyepewa jina lake na kila shangazi. Mteja wa Dar akibonyeza kiungo chako Facebook, anwani inabandikwa mkia wa fbclid. Ya tisa hiyo.

Usitishike. Anayekuambia Google itakufungia kwa sababu hiyo anataka hela yako tu. Google inazikusanya anwani zinazofanana, inachagua moja na kuionyesha kwa watafutaji. Tatizo ni kwamba inaweza kuchagua usiyoitaka wewe, na mchele ni wako.

Basi chagua mwenyewe. Chukua https, amua kuhusu www na sleshi, usigeuke tena. Mwambie fundi wako wa tovuti anwani zilizobaki azielekeze kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu. Zenye mikia huwezi kuzizuia, kwa hiyo weka kwenye sehemu ya head ya HTML ya ukurasa tegi ya canonical yenye anwani kamili uliyoichagua. Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana kuitambua tegi hiyo Februari 2009, na bado tovuti nyingi hazina!

Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanaikopi tegi moja kurasa zote, ikielekeza mwanzo wa tovuti. Ukurasa wa supa unasema "mimi ni mwanzo", wa chenga vilevile, halafu mtu anatafuta chenga za kulisha kuku na hakuoni. Kila ukurasa ujitaje wenyewe. Wala usizifungie anwani za ziada kwa faili la robots.txt; Google isipoweza kuufungua ukurasa, tegi yako itaisomaje?

Anwani hiyohiyo moja ndiyo uichapishe kwenye magunia na uiweke kwenye status ya WhatsApp. Kisha fungua Search Console ya Google, ingiza anwani ya ukurasa, linganisha anwani uliyoitaja wewe na iliyochaguliwa na Google. Zikitofautiana, mrudie fundi kabla mpunga haujaanza kuvunwa.