Sifa za Mjulia Hali wa Seva

Katika watumishi wote wa ulimwengu wa kompyuta, hakuna anayestahili kutukuzwa kuliko programu ya kuijulia hali seva, yaani ile ambayo kila dakika, usiku na mchana, hubisha hodi kwenye kompyuta inayoendesha tovuti ili kuhakikisha kwamba bado inaitika. Haidai mshahara wala likizo, na hata inapomwamsha fundi saa tisa usiku kwa sababu mtandao wa upande wake yenyewe umekatika, hufanya hivyo kwa nia njema.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni kupokea salamu bila udadisi. Mswahili aulizwapo habari za asubuhi hujibu kwanza kwamba ni njema, ndipo aongeze "ila", na nyuma ya hiyo "ila" hukaa homa, deni na msiba. Seva haikufundishwa "ila". Ikibishiwa hodi hujibu 200, nambari ambayo katika HTTP, kanuni za mazungumzo kati ya tovuti na vivinjari, humaanisha kwamba ombi limepokewa na kutimizwa. Hifadhidata, ambayo ni ghala la taarifa zote, inaweza kuwa imekufa tangu alfajiri, na ukurasa wa kujuliwa hali, ambao mara nyingi huandikwa usiguse ghala hilo, ukaendelea kujibu 200. Ping, programu iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, ina staha zaidi, kwa kuwa hujibiwa na mfumo endeshi wa kompyuta, wala si na tovuti, mfano wa bawabu anayesema "karibu" kwenye nyumba ambayo wenyewe walishahama.

Na kuufanya ukurasa ule uiulize hifadhidata swali moja tu ni kazi ya mistari michache! Haifanywi, kwa kuwa jibu la kweli lingechafua chati ya upatikanaji wa tovuti. Mkataba umeahidi huduma kwa asilimia 99.9 ya muda, kiwango kinachoruhusu kuzimika kwa takriban saa 8 na dakika 46 kwa mwaka, na kila robo mwaka mkuu wa kitengo huwasilisha chati ya kijani kitupu, nayo bodi huipigia makofi. Mwanafunzi aliyebonyeza kitufe cha kutuma maombi kwenye tovuti hiyo tangu asubuhi, akatazama kiduara kikizunguka mpaka muda wa mwisho ukapita, anapopiga simu huelezwa kwa upole kwamba mfumo uko sawa, ajaribu simu nyingine.